Kivuteni

Kuna watu wakinikuta njiani mpaka leo huniuliza habari za wifi yangu kwa sauti ile ya chini, sauti ya kuchimba umbea, nami hujibu kwamba mzima, kisha naendelea na hamsini zangu. Leo nasema yote. Nimechoka kusikia watu wakieleza mambo ambayo hawakuyaona, wakitia chumvi hapa na pilipili kule, mpaka mwanamke wa watu anaonekana punguani. Wifi yangu si punguani. Ana akili kuliko nusu ya stesheni ile, na hiyo nusu nyingine sijaipima.

Yeye ni mke wa kaka yangu. Kaka ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikwenda kutafuta kazi mbali, kwa watu wenye lugha yao, akakaa huko hadi tukamsahau kidogo, akarudi na mke. Mke mzima, mwenye miaka yake, na neno la Kiswahili hana hata la kuombea maji. Kaka yangu badala ya kumsemesha akawa anamsemea. Dukani anamsemea, kwa jirani anamsemea, hata hospitali mwanamke anaulizwa anaumwa wapi, anajibu mume. Mimi jambo hilo lilinichoma tangu siku ya kwanza. Nikamwambia kaka, wewe umeoa mke au umenunua redio mbovu? Akacheka. Kaka yangu hucheka akikosa la kusema.

Wifi hakucheka. Baadaye sana, alipokuwa anaweza kuniambia mambo, aliniambia kwamba kule kwao yeye ndiye aliyekuwa akisemea watu. Kukiwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, anaitwa. Kukiwa na harusi, anasimama yeye kuongoza shughuli. Alikuwa na sauti, na alijulikana kwa sauti hiyo. Akaja huku akawa mtu wa kuonyesha kwa kidole, na wauza mboga wanamwinulia sauti kana kwamba ana kasoro ya masikio. Hilo lilimuuma kuliko umaskini, na nilimwelewa, kwa sababu mimi pia mkate wangu ni sauti.

Nilikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Kile kibanda cha kioo kilicho juu, penye kipaza sauti, kilikuwa ufalme wangu. Treni ikichelewa, ni mimi. Mtoto akipotea, ni mimi. Wezi wa mifukoni wakiingia, nilikuwa nawataja kwa mavazi yao mpaka wanaondoka wenyewe kwa aibu. Nilimtafutia wifi kazi hapo hapo stesheni, kwenye chumba cha vifurushi, na huko ndiko alikoanza kufungua mdomo. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea mizigo midogo na kuwaelekeza wachukuzi: kifurushi hiki kimefika, kisanduku kile kimepasuka, kikapu hicho kivuteni huku, kitieni kamba, kipelekeni ndani. Siku nzima ki, ki, ki. Wachukuzi walimpenda. Hakuwa na matusi, na akisema kivuteni, wanavuta.

Jioni alikwenda darasani. Alinunua kitabu cha sarufi kinene, akakisoma kwa bidii ambayo mimi nilipokuwa shule sikuwahi kuifikia hata kwa viboko. Kisha akaanza kuniuliza maswali. Jamani, yale maswali. Kwa nini kiti kimefika lakini kinyozi amefika? Nikamwambia kinyozi ni mtu. Akaafiki, akaenda. Kesho yake akaja na sura ya mtu aliyefumbua fumbo: basi akiwa mtu ni wangu, mtoto wangu, mgeni wangu, mama wangu. Nikamwambia hapana, ni mama yangu. Akaniuliza, kwani mama si mtu?

Nimeongea Kiswahili tangu sijaota meno, nimelipwa mshahara kwa kukiongea, na sikuwa na jibu. Nikamwambia ndivyo inavyosemwa. Akauliza nani alisema. Nikakasirika. Nikamwambia wifi, usinikalie kooni, mimi si mwalimu, mimi natumia tu. Akanitazama kwa uchungu mpaka nikaona haya. Ndiyo hali yenyewe: anayeijua lugha haijui kwa namna ya kumpa mtu, na anayeitaka anapewa kitabu.

Halafu akazaa. Mtoto wa kike, mweusi wa macho, mwenye kelele. Tulimwita Kasuku kwa sababu alikuwa akinikuta nyumbani natania na kutangaza treni za uongo, naye anarudia. Mwanzoni alikuwa akisema taka maji, toto lala, shangazi kuja, kila neno limekatwa kichwa. Mama yake akawa na wasiwasi, akataka kumfundisha. Nikamwambia mwache. Na kweli, bila kitabu, bila darasa, sarufi ikamwota kama meno. Leo hakuna, kesho ipo. Ikafika siku mtoto wa miaka mitatu amesimama mlangoni anasema viatu vyangu vimepotea, paka wangu amekimbia, dada zangu hawapo, na dada hana hata mmoja, alikuwa anawataja wa jirani. Wifi aliacha kufua. Akaniuliza nani kamfundisha dada zangu. Nikasema hakuna. Akarudia, hakuna? Akaendelea kufua, lakini nguo ile aliisugua mpaka nikaihurumia.

Na wala si kwamba wifi alikuwa hajui. Hapo ndipo watu wanaponichefua. Alijua kuliko sisi. Akisikia mchukuzi anasema magari mbili, alinong'ona, mawili. Sisi tunasema magari mbili asubuhi hadi jioni na hakuna anayetuita wageni. Yeye akisema mara mia sawasawa na mara moja akateleza, hiyo moja ndiyo inayobebwa sokoni. Alikuwa akiandika, humpati. Akisoma, utadhani kazaliwa nyumba ya pili. Akiwa ametulia, na wewe umetulia, na hakuna anayemkimbiza, alisema vizuri kabisa, kwa mwendo wa mtu anayeshuka ngazi akiangalia kila kipandio. Mkimbize sasa. Mshtue. Mpe watu wanaomtazama. Maneno yote yenye ki yanageuka vifurushi.

Nikapatwa na uvimbe kooni. Daktari akakata akatoa, akanikataza kusema, na nilipokuja kuruhusiwa nikakuta sauti haipo. Kilichobaki ni pumzi. Nikikusogelea sikioni utanisikia. Nikikuita kutoka mlangoni, ni kama sikukuita. Mtu mwenye hasira zangu, Mungu akamwondolea sauti. Siku hizo nilivunja vikombe.

Nafasi ikatangazwa. Mkuu wa stesheni, kijana mpole mwenye tai fupi, alitoa mtihani wa kuandika kwa waliotaka. Wifi alifanya. Msichana wa dirisha la tiketi naye alifanya, na wengine. Wifi akawaacha wote mbali. Yule msichana wa tiketi, mzaliwa wa mtaa wa nyuma ya stesheni, aliulizwa ngeli akaandika wingi wa ukuta ni ukuta nyingi. Basi wifi akapewa kipaza sauti kwa majaribio, mimi nikae naye kibandani nimwelekeze kwa mnong'ono. Akifaulu majaribio anaajiriwa. Asipofaulu, anarudi kwenye vifurushi, na hapo hatasikika tena maishani. Maneno hayo ni yake. Alisema, wifi, nikikipata kile kibanda, hata kaka yako atanyamaza anisikilize.

Siku za mwanzo zilinipa moyo. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya kutuliza, watu waliinua vichwa kuisikiliza. Matangazo ya kawaida yalikuwa yameandikwa, akayasoma bila doa. Taabu ilikuwa kwa yale yasiyoandikwa. Kundi la wanafunzi lilimpoteza mwalimu wao aliyewaongoza, mkuu akapanda mbio kumwambia amtangaze kiongozi wa wanafunzi. Wifi akageuka kwenye kipaza sauti na kusema: kiongozi wa wanafunzi kinaombwa kifike dirishani haraka.

Stesheni nzima ilikaa chini kwa kicheko. Wachukuzi walishikana mabega. Kiongozi mwenyewe, mtu mzima mwenye miwani, akaja dirishani na uso umevimba, akauliza kama yeye ni kijiko. Wifi akatokwa na jasho mpaka kwenye kope. Nilimshika mkono, nikamwambia sikioni, ni mtu, wifi, mtu ni a, kiongozi anaombwa. Akasema anajua. Na alijua, ndiyo kero yake. Alinitajia hadi ukurasa.

Kesho yake, kwa kuogopa, akatangaza kwamba kifurushi cha abiria fulani amefika na anamsubiri. Nilishika kichwa. Ukimziba huku anavujia kule. Nikawa mkali, nakiri nilikuwa mkali, maana muda ulikuwa unakwisha na nilimtaka afaulu kuliko yeye alivyotaka. Nikamfanyisha mazoezi tukienda nyumbani, namwonyesha watu na vitu barabarani: kijana yule? Amesimama. Kibao kile? Kimesimama. Kipofu yule? Anavuka. Hakosei hata kimoja. Nikamtazama nikasema moyoni, sasa huyu ana nini? Mimi nilidhani ni kama kufunga kamba ya kiatu, ukishajua umejua. Kumbe kuna kujua kwa kukaa na kuna kujua kwa kukimbia, na yeye alikuwa amepewa kule kwa kwanza tu.

Siku ya mwisho ya majaribio mkuu aliniamuru nisipande kibandani. Alitaka kumwona akiwa peke yake. Nikaona ni haki, nikaenda kukaa kwenye benchi mwisho wa jukwaa la abiria na chupa yangu ya chai, nikisikiliza. Asubuhi ilikwenda vizuri. Alitangaza mkoba uliosahaulika, akatangaza mabadiliko ya treni, tangazo moja halikuwa limeandikwa na alilipita salama. Nikaanza kutabasamu peke yangu pale benchini kama chizi.

Sasa lazima niwaeleze juu ya kinyozi. Alikuwa mzee, kiti chake kipo chini ya ngazi za stesheni tangu mimi naanza kazi. Alinyoa madereva wa treni, alinyoa wakuu wa stesheni wanne mmoja baada ya mwingine. Masikio yalikuwa yamemfa zamani. Ukitaka kunyolewa unamwonyesha kwa kidole kiasi gani abakize. Bomba la upande wetu lilikuwa limekauka na hakuna aliyejali kulitengeneza, kwa hiyo alikuwa anavuka reli kwa mguu kwenda kuchota maji upande wa pili. Huvuka akiangalia kulia na kushoto, kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba hasikii. Siku hiyo aliangalia kushoto.

Treni ya mizigo, ile isiyosimama kwetu, ilitokea kulia kwenye kona. Mimi nilikuwa nimempa mgongo mzee, namimina chai. Wifi yuko juu, anaona yote. Dereva akapiga honi, na kila mtu aliisikia isipokuwa yule mmoja. Hapo hapo kipaza sauti kikalia juu ya vichwa vyetu, sauti ya wifi imepasuka:

"Kivuteni! Kinavuka! Kivuteni nyuma, jamani, kivuteni!"

Nawaambia ukweli, mimi nilielewa kabla hajamaliza neno. Nilikuwa nimezoea ki zake. Nikajua ni mtu, nikageuka, nikamwona mzee na ndoo yake katikati ya reli. Hatua chache nyuma yake, kwenye ukingo wa jukwaa, walikuwa wachukuzi watatu, mikono yao ile inayoinua magunia. Wangenyoosha mkono wamkamate shati. Na walisikia, wakaitika, hawakuchelewa hata kidogo. Waligeuka wote watatu, wakamwachia mzee mgongo, wakaukimbilia mkokoteni wa vifurushi. Juu yake kulikuwa na kisanduku kimoja kimejitokeza nje ya ukingo. Wakakishika, wakakivuta nyuma kwa nguvu zote.

Nilifungua mdomo nipige kelele. Mtu, mtu, mshikeni mzee. Ikatoka pumzi. Nikapunga mikono, nikakimbia, nikapiga chupa ya chai chini ivunjike watu wanitazame, wakatazama chupa. Abiria wengine walikuwa wanaangalia mizigo yao, kila mtu anavuta chake miguuni. Mwanamke mmoja alikuwa anakagua kama kitenge chake kimenaswa mahali. Lugha ninayo mimi, sauti anayo yeye, na mzee yuko relini. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyolichukia koo langu wakati ule.

Mzee mwenyewe alihisi mtikisiko wa reli kwenye nyayo. Akaruka mbele. Karibu afike. Ndoo iligongwa na treni hewani na mkono ulioishika ukaenda nayo, akarushwa kando kwenye kokoto. Treni ile ilisimama mbali sana.

Aliishi. Watu wakiniuliza huwa naanza na hilo. Aliishi, lakini hospitali walimkata mkono wa kulia juu ya kiwiko, na kinyozi bila mkono wa kulia ana kiti tu.

Mkuu wa stesheni alituita ofisini siku ya pili. Tulikuwa wifi, mimi, na mmoja wa wale wachukuzi. Kaka alitaka kuja amsemee mkewe, nikamzuia mlangoni kwa kiganja kifuani. Mkuu alimwuliza mchukuzi kilichotokea. Mchukuzi, kijana mwema, macho mekundu kwa kulia, alijibu hivi:

"Alisema kivuteni, tukakivuta. Miaka yote anatuambia hivyo. Tulikosea wapi?"

Hawakukosea. Wangekuwa wameambiwa mvuteni, wangegeuka wakitafuta mtu, na mtu alikuwa pale mbele ya pua zao. Silabi hiyo moja ya mwanzo ndiyo iliyowaambia wageukie wapi. Sisi tuliozaliwa nayo hatuisikilizi hata, inatugeuza shingo yenyewe.

Mkuu akamgeukia wifi. Hakumfokea, na kama angemfokea ningeona nafuu. Alimwuliza taratibu kama hakujua kwamba kwa mtu inasemwa mvuteni. Wifi akajibu, pole pole, kila neno likiwa mahali pake:

"Ninajua. Ukiniuliza sasa, ninajua. Uniamshe usingizini uniulize, ninajua. Wakati ule ulimi haukuniuliza."

Mkuu aliinamisha kichwa. Akasema anamwelewa, na anamheshimu, lakini kile kibanda hakiwezi kukaliwa na mtu ambaye lazima kwanza asimame afikirie. Akasema hamfukuzi. Arudi kwenye vifurushi, kwa kuwa pale, alisema, ki yake haina madhara. Nafikiri alikusudia kumfariji. Damu ilinichemka, nikapiga meza yake kwa ngumi mpaka kalamu zikaruka, nikamsogelea nikamnong'oneza kwamba bomba la maji limekauka tangu enzi za aliyemtangulia na hakuna aliyeitwa ofisini kwa hilo. Akasema, mama, hilo nalo ni kweli. Akaandika mahali. Bomba lilitengenezwa wiki ile ile, ndio wepesi wao, baada ya mkono wa mtu kwenda.

Kipaza sauti alipewa yule msichana wa tiketi. Anatangaza mpaka leo. Jana tu nimemsikia anasema mabehewa mbili za mbele zimejaa. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyetoka na miwani yake kuuliza yeye ni kijiko. Na jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba siku likitokea la kutokea, yule msichana asiyejua wingi wa ukuta atafungua mdomo na kusema mvuteni, bila kujua kwamba amesema, na watu watavuta. Kwa hiyo mkuu hakukosea. Natamani angekosea, ningejua pa kupeleka hasira.

Wifi alirudi chumba cha vifurushi. Alichobadilisha ni kimoja: haamrishi tena. Anaonyesha kwa kidole, kama alivyokuja. Wachukuzi wamemwomba aseme, wamemwambia hawana kinyongo, naye anatikisa kichwa na kuonyesha.

Mtu anayezungumza naye ni kinyozi. Kila akitoka kazini hupita kwake na chakula, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akaongea. Nilikwenda naye mara moja. Aliongea mfululizo, jinsi alivyokuwa akiongea kwao huenda, mikono inapaa, maneno yanaangukiana, ki na a na li zimechanganyika kama nguo za kufuliwa, na mzee anamtazama midomo na kuitikia kwa kichwa. Hakusikia hata moja. Nadhani ndiyo sababu anakwenda. Nilipomwuliza kama alikwishamweleza mzee yale yaliyotokea, alisema amemweleza mara nyingi.

Mambo haya yalifika mtaani, na yakifika mtaani yanafika kwa watoto. Wakawa na mchezo. Mmoja anakuwa treni, mmoja kinyozi, na mmoja anapanda juu ya pipa kuita. Kasuku akaletwa nyumbani analia, hawakumpa kupanda pipa, walimwambia mama yako ndiye aliyeharibu. Wifi alikuwa anachambua mchele, sinia mapajani. Mimi niko mlangoni. Mtoto akasimama mbele ya mama yake, akafuta makamasi kwa mkono wa gauni, na kwa uso wa mtu anayetaka kusaidia akamwambia:

"Mama, si kivuteni. Unasema mvuteni. Ni rahisi."

Niliinuka nimvute sikio. Wifi akaniinulia kiganja, nikae. Akaweka sinia chini. Akamshika mtoto mabega yote mawili, akamtazama usoni, akasema, mvuteni. Mtoto akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu. Akasema tena, kwa sauti zaidi, mvuteni, anavuka. Akanyanyuka akaenda dirishani, na sauti ile yote iliyokuwa imefungiwa ikatoka, sauti ya kibandani: mvuteni, jamani, anavuka, mvuteni nyuma. Hapakuwa na kosa lolote. Nje, mwanamume aliyekuwa anapita na baiskeli aliruka chini, akaiacha ikaanguka, akakimbilia barabarani akiangaza huku na huku kumtafuta mtu wa kuvutwa.